Diski za Garsen Kabla ya Maji

Garsen, Jumapili 15 Oktoba 2023

Redio siku hizi ni El Niño asubuhi na jioni. Wengine wanasema inakuja, wengine wanasema imepungua nguvu. Sisi wa delta ya Tana hatuna nafasi ya kungoja kujua nani alisema kweli. Mwaka 1997 kuingia 1998 maji yalivunja kingo za mashamba ya mpunga ya TARDA, mamlaka ya kuendeleza mito ya Tana na Athi, na kuhamisha vijiji vingi vya huku chini. 2018 watu wakafunga tena virago. Mtu akirudi baada ya mafuriko huhesabu mbuzi, magunia na mabati. Picha na karatasi hazihesabiwi mpaka siku zinapotakiwa ofisini au matangani.

Leo baada ya ibada nimezikusanya mezani diski zote za USB za ukoo wetu. Ile ya studio yangu, terabaiti 1. Ile ya baba mdogo, aliyokuwa akijaziwa filamu dukani, kisha ikageuka kuwa ya picha za harusi. Ile niliyoitoa kwenye laptopu iliyokufa na kuitia kasha lake. Nyingine ni za binamu zangu wa kijiji cha Ngao, zimeandikwa juu kwa kalamu nene: USIFUTE.

Ndani yake kuna barua za shamba, vyeti vya kuzaliwa, matokeo ya mtihani wa KCPE ya watoto ambao sasa ni wazazi. Kuna ngoma ya mwaribe iliyorekodiwa Ngao usiku, taa ya jenereta ikipepesa. Kuna shangazi akiimba nyimbo za kubembeleza watoto kwa Kipokomo, na nyuma yake unasikia kuku na mtu akitwanga. Wimbo wa taifa wenyewe, mwaka 1963, uliundwa juu ya wimbo wa aina hiyo hiyo, alioutoa Mzee Meza Morowa Galana wa huku kwetu Tana River. Huo nchi nzima inausimamia. Nyimbo za shangazi ziko katika diski moja yenye kebo iliyolegea.

Na kuna picha ya babu. Ya karatasi iliungua pamoja na nyumba katika ghasia za 2012 kati ya Wapokomo na Waorma. Tulichobaki nacho ni faili moja ya kilobaiti 640, kwa sababu binti mmoja wa ukoo aliiskani alipokuwa akijifunza kazi studio.

Jumatano 18 Oktoba

Jamaa wa Mombasa ananiambia nipandishe kila kitu kwenye intaneti na nilale usingizi. Kwa anayeishi penye faiba, sawa. Mimi hapa natumia bando za simu, na nina zaidi ya gigabaiti 700. Bei ya bando hizo ingenunua diski mpya kadhaa, na hata pesa zingekuwapo, mtandao wa simu Garsen hupanda na kushuka kama pumzi ya mgonjwa. Tena baada ya kupandisha, kila anayetaka kusikia wimbo wa shangazi atalipa bando tena kuushusha.

Ninachokitaka ni hifadhi ya nyumbani: diski zikae mahali pamoja, zimechomekwa kwenye kikompyuta kidogo, kikompyuta kiungwe kwa rauta, na kila simu au laptopu iliyo ndani ya waifai ya nyumba ifungue folda hizo moja kwa moja. Mama yangu ameniuliza mara ngapi kama itakula bando. Haili. Waifai ya nyumbani ni njia ya hewani kati ya vifaa vyetu. Bando huliwa data inapopita kati ya rauta na intaneti. Hata laini ya simu ikitolewa kabisa, picha ya babu itafunguka. Nimemwonyesha: nimezima data, nimefungua faili lililo kwenye laptopu ya chumba kingine. Ameshika simu muda mrefu, akaniambia, "Basi hiki ni chetu."

Rauta yetu ina tundu la USB na ingeweza kufanya kazi hiyo yenyewe, ila inasoma diski moja tu, haigawi ruhusa kwa kila mtu, na diski yenyewe inaitaka iwe ya FAT32, ambayo haipokei faili lenye kufika gigabaiti 4. Video nzima ya harusi moja inapita hapo. Nimeamua Raspberry Pi 4 iliyotumika, ya ramu gigabaiti 2. Ni kibao cha ukubwa wa kadi ya benki, kina matundu mawili ya USB 3.0 na tundu la kebo ya mtandao, na hakina hata feni ya kupiga kelele.

Ijumaa 20 Oktoba, Mashujaa

Studio imefungwa, siku nzima ni yangu.

Jambo la kwanza ni umeme wa diski zenyewe, na hapo ndipo wengi huharibikiwa. Diski ndogo ya inchi 2.5 hunywa umeme wake kupitia kebo ya USB. Inapoanza kuzunguka huvuta karibu ampea 1. Raspberry Pi 4 inaruhusu ampea 1.2 tu kwa matundu yote manne yakijumlishwa. Ukichomeka diski mbili, moja itaanza kugonga ndani, tik, tik, tik, itoweke kwenye orodha, irudi, itoweke tena. Mwenye diski atasema imekufa, kumbe ina njaa. Fundi wa hapa sokoni alikuwa anataka kuifungua ya baba mdogo kwa sababu ya mlio huo. Nimeichukua, nimeichomeka kwenye habu ya USB yenye adapta yake ya ukutani, imezunguka bila kugonga hata mara moja. Ningependa kila fundi wa simu hapa Garsen alijue hili kabla hajagusa bisibisi.

Kisha uchunguzi. Kila diski hujiwekea kumbukumbu ya afya yake, na programu ya smartctl huisoma: saa ilizofanya kazi, joto lake, sehemu zilizoharibika ikabidi zihamishwe. Diski moja ya Ngao ina sehemu nyingi zinazosubiri kuhamishwa. Hiyo haiingii kwenye hifadhi. Inanyonywa kila kilichomo, kisha inastaafu.

Ya studio, baada ya kutoa kilichomo, na nyingine mpya niliyoongeza nimezifomati kwa ext4, mtindo wa Linux. Nimeuchagua kwa sababu unaandika daftari la mabadiliko kabla ya kuyafanya, hivyo stima ikikatika katikati ya kazi diski hujua ilikuwa imefika wapi. Pia unatunza ruhusa za kila faili. Hasara yake ni kwamba kompyuta ya Windows ikichomekewa diski hiyo moja kwa moja haitaisoma. Hilo nalikumbuka kwa ajili ya nakala itakayokwenda mbali.

Diski nimezitambulisha kwa namba zao za kudumu, zile UUID, maana majina ya sda na sdb huweza kubadilishana mashine inapoamka, na nakala nitakayopiga kila usiku isije ikaandikwa kwenye diski isiyo yake. Nimeongeza pia neno nofail kwenye usanidi, ili diski moja ikikosekana mashine nzima isigome kuwaka.

Kunakili ni kazi ya subira, na inafaa kupiga hesabu kabla ya kuanza. Matundu ya rauta yetu ni ya megabiti 100 kwa sekunde, yaani megabaiti 11 hivi. Terabaiti nzima kwa njia hiyo ni saa 25, stima isipokatika. Diski mbili zikiwa zote kwenye USB 3.0 ya kikompyuta, bila kupitia rauta, kazi ile ile inakwisha kwa saa chache. Kwa hiyo mzigo wa kwanza unapita kwa USB. Rauta ni ya matumizi ya kila siku, na kwa kutazama video megabaiti 11 zinatosha na kubaki.

Nimeketi kutazama majina ya faili yakipita. Majina ya watu niliowazika yamepita pia.

Jumanne 24 Oktoba

Programu inayozifanya folda zionekane kwenye simu na kompyuta zote ni Samba. Aliianzisha Andrew Tridgell huko Australia mwaka 1992, na ndiye yule yule aliyeshiriki kuandika rsync mwaka 1996, ambayo ndiyo ninayotumia kunakili. Zote mbili ni za bure na msimbo wake uko wazi. Mtu huyu hajui kama Garsen ipo, na kazi yake inatunza sauti ya shangazi yangu. Namshukuru kwa dhati.

Usanidi wenyewe ni mistari michache. Ugumu ni watu: nani aone nini, nani afute nini. Folda ya "Ukoo" kila mtu wa nyumba anasoma, wanaoandika ni wawili. "Pokea" ni ya watoto na wageni kutupia picha kutoka kwenye simu, nami nazipanga jioni. "Karatasi" ni mimi na dada yangu wa Malindi, kwa nenosiri. Nimewasha pia kapu la taka la Samba, ili kitu kikifutwa kwa simu ya mtoto kibaki pembeni kwanza. Picha za vitambulisho vya wateja wa studio hazina nafasi humu kabisa. Mteja amekuja kupiga nakala, akishaondoka faili lake nalifuta. Sheria ya Kulinda Data ipo tangu 2019, na hata isingekuwapo, kitambulisho cha mtu si mali yangu.

Televisheni ya binamu ni ya zamani, inataka SMB1, lugha ile ya zamani ya kugawana faili. Nimekataa. Mei 2017 virusi vya WannaCry viliipitia hiyo hiyo na kufunga kompyuta za hospitali Uingereza na kwingi duniani. Wala sifungui mlango 445 wa rauta, ule wa kugawana faili, uelekee intaneti, hata anayeniomba akiwa Doha na ni damu yangu. Atatumiwa faili analolitaka.

Jioni nimekwenda Ngao kwa shangazi. "Shikamoo shangazi." "Marahaba mwanangu, umeniletea sauti yangu?" Nimemfungulia kwenye simu. Alisikiliza za kubembeleza watoto akitikisa kichwa. Ulipofika wimbo mmoja wa shughuli za wanawake akaweka kiganja juu ya simu. "Huu si wa kila mtu." Tumezipitia zote pamoja mpaka giza likaingia, yeye akisema huu ndiyo, huu hapana. Zile za hapana zimepata folda yao, na nenosiri analo binti yake. Mimi sinalo.

Njiani nilikuwa nawaza Ngadji, ngoma kuu ya Wapokomo. Watawala wa Kiingereza waliichukua, na tangu 1908 iko katika Jumba la Makumbusho la Uingereza, London. Imehifadhiwa vizuri, hapana shaka. Maji ya Tana hayataifikia. Lakini watoto wa Ngao hawajapata kuusikia mlio wake, na waliopaswa kusema nani aisikie na nani asiisikie hawakuulizwa. Hifadhi yangu ni ndogo, ya diski za USB juu ya rafu, na nataka ifanye yote mawili: itunze na ifunguke, kwa idhini ya wenyewe.

Jumapili 12 Novemba

Jana usiku stima ilipotea karibu nchi nzima. Agosti ilikuwa hivyo hivyo. Kikompyuta kilizimika katikati ya kunakili. Asubuhi nimekiwasha, ext4 imesoma daftari lake, imejirekebisha kwa sekunde chache. Faili lililokuwa likiandikwa limekatika. Rsync imelitambua na kulianza upya. Hakuna kilichopotea, ila sitaki kutegemea bahati.

Hesabu ya betri. Kikompyuta na diski zake mbili wati 8 hivi, rauta wati 6. Betri ya volti 12 na ampea-saa 20 ina wati-saa 240. Betri ya asidi haifai kuchotwa zaidi ya nusu, basi 120. Ukitoa kinachopotea kwenye vigeuzi ni saa saba hivi. Paneli ya sola iko juu ya bati tayari, ilikuwa ya taa na chaji za simu. Betri ikishuka chini ya kiwango, kikompyuta kifunge diski na kujizima chenyewe kwa utaratibu.

Joto nalo. Mchana Garsen chumba cha bati ni tanuri. Nimezishusha diski kutoka juu ya kabati, nimeziweka kwenye rafu ya ukuta wa kaskazini, juu ya alama ya maji ya 2018 na zaidi, kila moja ikiwa na nafasi ya hewa. Smartctl inasoma nyuzi 46. Zimetengenezwa kuvumilia mpaka 60.

Jumatatu 27 Novemba

Maji yamekuja. Barabara ya Lamu imekatika upande wa Lango la Simba, magari yamepanga foleni Minjila. Watu wa vijiji vya chini wanapanda na magodoro, kuku, sufuria. Studio yangu imejaa watu wanaotaka kuchaji simu, na sola inawatosha wanaosubiri kwa zamu.

Jirani yangu Muorma amekuja na simu ya marehemu kaka yake, kioo kimepasuka. Ndani kuna sauti ya baba yao akitaja malka moja baada ya nyingine, zile njia za mifugo kuteremkia mtoni, na nani alikubaliana na nani kuhusu kila moja, na mwaka wa ukame gani. Nimejua mara moja thamani yake. Mwaka 2012 na mwanzo wa 2013 zaidi ya watu 100 walikufa katika delta hii, na ardhi na maji ndivyo vilivyokuwa katikati ya ugomvi. Mzee mmoja aliyekumbuka makubaliano ni hazina kwa Muorma na kwa Mpokomo.

Kebo ilikubali kwa shida. Tulishika simu kwa mkono isisogee mpaka faili zote zikapita, hatusemi neno. Nimemfungulia folda yake na nenosiri lake. Akauliza kama mimi naweza kuifungua. Nikamwambia ukweli: mwenye mashine anaweza kufikia kila kilicho ndani yake, kwa hiyo kama anataka isifunguke hata kwangu tutaifunga kwa VeraCrypt, programu ya kusimba faili. Akafikiri kidogo, akasema wewe sikiliza, hata watoto wako wasikilize. Nimesikiliza usiku kucha.

Jumatano 6 Desemba

Kazi iliyobaki ndiyo kubwa. Hifadhi iliyo nyumbani haijawa nakala. Diski mbili juu ya rafu moja zitachukuliwa na maji mamoja, moto mmoja, mwizi mmoja. Wanaouza mashine zenye diski pacha husema ukipoteza moja nyingine inakuokoa, na ni kweli diski ikifa kwa uzee. Mtoto akifuta folda, pacha naye atafuta papo hapo. Kwa hiyo diski yangu ya pili haiigi ya kwanza kila dakika. Inapokea nakala mara moja kila usiku, na za nyuma zinabaki.

Ya tatu ni ya Malindi, kilomita 110 na ushee kutoka hapa, mbali na mto Tana. Nimeifomati kwa exFAT, ili mashine yangu ikizama dada aichomeke kwenye laptopu yoyote ifunguke. Folda za siri nimezifunga kwa VeraCrypt. Baada ya kunakili nimelinganisha kila faili na la asili kwa alama zake za ukaguzi. Nimeifunga kwa fulana mbili, nikaitia mfuko wa plastiki, nikampa dereva tunayemjua, mkononi. Mizigo ya juu ya basi hurushwa.

Saa kumi dada amepiga. Nilimtaka asiniambie imefika; nilimtaka afungue. Amefungua picha ya babu. Kisha amefungua wimbo mmoja wa shangazi na kuuacha ucheze simuni mpaka ukaisha.

Jumatatu 11 Desemba

Jana usiku stima ilipotea tena karibu nchi nzima. Nyumba zote giza, kwetu rauta na kikompyuta vikaendelea. Watoto waliohamia kwetu kutoka vijiji vya chini walikuwa wanatazama mwaribe ya Ngao kwenye simu, kila mmoja na yake, hakuna bando wala stima, mpaka mama zao wakawaita walale. Mama mmoja ameniuliza kama picha zake za harusi, zilizobaki kwenye flashi moja tu, zinaweza kuingia. Zimeingia, na ana nenosiri lake.

Gharama yote, kikompyuta kilichotumika, habu, diski moja mpya na betri, ni chini ya bei ya simu nzuri. Wanaukoo waliochanga wameandikwa ukurasa wa mwisho. Atakayerithi daftari hili asome pia karatasi iliyobandikwa chini ya rafu: jinsi ya kuzima, diski ipi ni ipi, na nani wana manenosiri. Diski ya Malindi itarudi Garsen mwezi wa Februari kupokea nakala mpya, barabara ikipitika.